Nyumba Njema Si Mlango: Historia ya Vibati vya Ndani vya Kisu cha Kukunja

Wengi wetu tuna kitu kimoja kidogo cha wazee tulichokibeba kutoka nyumbani na hatujui tukifanye nini: saa isiyotembea, tasbihi iliyokatika uzi, kisahani cha kaure. Kwangu mimi kitu hicho ni kisu. Na leo nataka nizungumze juu ya sehemu ya kisu ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeitazama.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, cha mfukoni, chenye mpini wa pembe ya ndovu. Marehemu babu alikinunua mjini Unguja, na baba alikuja nacho Uingereza mwaka 1965, ndani ya sanduku lenye nguo chache na msahafu. Mhuri wa mtengenezaji umefutika kwa kunolewa, na neno linalosomeka ni moja tu: SHEFFIELD. Baba alikitumia kumenyea machungwa mpaka kilipoanza kuwa kizito kufungua, kisha akakitia katika mtoto wa meza.

Kilipofika mikononi mwangu, jambo moja lilinishangaza. Pembe ya upande wa kulia ilikuwa nzima, imegeuka rangi ya samli tu kwa ukongwe. Ya upande wa kushoto ilikuwa imepasuka kwa urefu, kutoka msumari hadi msumari, na imeinuka kama ubao wa mlango ulioingia maji. Pembe zote mbili ni za kisu kimoja, zimekaa katika mfuko mmoja, zimepigwa na hewa ile ile ya chumvi. Kwa nini moja ife na nyingine ipone?

Nilikipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Kiingereza anayetengeneza visu vya zamani. Alikitazama kwenye mwanga, akaniuliza, "Nani alikifumua hiki mara ya pili?" Sikumfahamu. Akanionyesha kwa ncha ya sindano. Upande wa kulia, baina ya pembe na ubapa, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu. Hiyo ni shaba ya manjano. Upande wa kushoto palikuwa na mstari wa kahawia unaomomonyoka. Hicho ni chuma. Zamani sana kibati cha upande ule kilivunjika au kilipotea, na fundi wa kwetu, Mungu amrehemu, alikata kingine katika kitu alichokuwa nacho. Kwa wembamba wake na kwa namna kilivyokunjwa mara mbili, yule mzee alidhani kimetoka katika mkebe wa bati. Mimi nilijua mara moja: debe la mafuta ya taa.

Mzee akasema anaweza kukifanya upya, lakini madini ya kibati nichague mwenyewe. Nilidhani swali hilo ni la dakika moja. Limenichukua miezi, na limenipitisha katika historia ambayo sisi watu wa pwani tumo ndani yake.

Kibati ni nini

Ukikifumua kisu cha kukunja cha kizamani utakuta vitu vichache. Kuna ubapa wenye makali. Kuna springi ya mgongoni, inayoubana mzizi wa ubapa ili usifunguke wala usijifunge ovyo. Kuna vifuniko viwili vya mpini, vya pembe, mfupa au mti. Kuna misumari myembamba inayopita kutoka upande hadi upande. Na baina ya kifuniko na chuma cha kazi kuna vibati viwili, unene wake tokea nusu milimita hadi karibu milimita moja. Kwa kuwa havina jina maalumu katika lugha yetu, hapa nitaviita vibati vya ndani.

Pembe, mfupa na mti ni vitu vizuri kushika, lakini havipendi kubanwa. Kila ubapa unapofunguliwa springi inasukuma, na nguvu hiyo inashukia kwenye misumari. Kama msumari umeshikwa na pembe peke yake, tundu litapanuka na pembe itachanika. Kibati ndicho kinachoupokea mzigo. Tena ndicho ukuta ambao ubapa hupita ukiingia ndani. Ukuta ukipinda kidogo tu, ubapa utakwaruza au utatikisika.

Kwa hiyo kibati kinatakiwa kiwe na sifa zinazogombana wenyewe kwa wenyewe. Kiwe kigumu kisipinde, lakini kiwe laini kisiukwaruze ubapa. Kitobolewe kwa urahisi. Kisishike kutu. Kisiwe kizito wala ghali. Hakuna madini yenye sifa zote hizo kwa pamoja. Kila zama mafundi wamechagua hasara wanayoweza kuivumilia, na hiyo ndiyo historia ya kibati.

Mji wa visu na pembe za Unguja

Sheffield ni mji wa kaskazini ya Uingereza, wenye vilima na mito midogo ambayo maji yake yaliendesha magurudumu ya kunolea. Sifa yake ya visu ni ya kale. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimtaja mtu aliyebeba kisu cha Sheffield katika moja ya hadithi zake. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda chama cha mafundi wa visu wa eneo hilo, Company of Cutlers in Hallamshire, kisimamie mihuri na ubora wa kazi.

Katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyekuwa akitafuta chuma bora cha springi, alibuni njia ya kuyeyusha pua ndani ya vyungu vya udongo ili iwe sawasawa ndani na nje. Wazee wetu walikuwa na maneno yao ya kutenganisha mambo haya: chuma ni chuma tu, pua ni chuma kilichotiwa ukali, na feleji ni pua ya daraja la juu, kama ile ya panga za kifahari. Huntsman, kwa lugha yetu, alikuwa anatafuta feleji.

Kazi ya visu ilifanywa zaidi na mafundi wadogo wadogo waliokodi vyumba katika nyua za mji. Mmoja alifua, mwengine alinoa, wa tatu aliunganisha vipande. Wanoaji waliinamia mawe siku nzima wakivuta vumbi la jiwe na la chuma, na wengi walikufa kwa maradhi ya mapafu wangali vijana. Jina lililopigwa juu ya ubapa lilikuwa la mwenye kampuni.

Kampuni iliyosifika kuliko zote katika karne ya 19 ilikuwa Joseph Rodgers & Sons. Kwa Maonyesho Makubwa ya London ya mwaka 1851 ilitengeneza kisu kimoja chenye bapa na zana 75, kinachoitwa Norfolk Knife. Ilijulikana pia kwa akiba yake ya pembe za ndovu, ghala nzima za pembe zilizosubiri kukatwa ziwe mipini.

Na hapa ndipo tunapoingia sisi. Katika karne hiyo Unguja ilikuwa soko kuu la pembe la Afrika Mashariki. Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwengine na Uingereza mwaka 1839. Wafanyabiashara walizitenga pembe kwa ukubwa: buri ni pembe kubwa, kalasha ni ndogo. Pembe za upande wetu zilipendwa kwa ulaini wake, kwa sababu huchongeka bila ya kubanduka vipande. Nyingi zilikwenda Connecticut kuwa vibao vya piano, nyengine India kuwa bangili, na nyengine Sheffield. Zilifika pwani juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliojiajiri na wengine watumwa, baada ya safari za miezi.

Mnunuzi wa London au New York aliyefungua sanduku la mahameli aliiona pembe inayong'aa. Hakumuona mpagazi wala mnoaji, na kibati pia hakukiona. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuingie basi.

Chuma, shaba na fedha isiyo fedha

Kibati cha kwanza kwa urahisi wa bei kilikuwa cha chuma. Mara nyingi kile kichwa cha chuma kinachokaa mwisho wa mpini na kibati chenyewe vilifuliwa kuwa kipande kimoja, na kipande hicho kilikuwa imara kweli. Adui yake ni kutu, na ubaya wa kutu si uchafu tu. Chuma kikigeuka kutu huvimba, kikachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo mwanzo. Ndani ya mpini hakuna pa kuvimbia, basi kutu inasukuma nje. Mti utastahamili kidogo. Pembe haistahamili. Inajinyonga na kupanuka kwa joto na unyevu wa hewa, na tayari ina matundu ya misumari yaliyoidhoofisha. Ikisukumwa na kutu kutoka chini, inapasuka kufuata tundu hadi tundu. Hivyo ndivyo ilivyokufa pembe ya kushoto ya kisu cha babu.

Shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ilikuwa jawabu la mafundi wa Sheffield kwa visu vizuri. Fundi wa zamani alitoboa matundu kwa keekee ya kuzungusha kwa upinde, akiisukuma kwa kifua. Kwa fundi wa namna hiyo ulaini wa shaba ni neema. Inakatika kwa mkasi, inakubali tupa, na msumari wa shaba ukigongwa juu yake vinashikana barabara. Haina kutu nyekundu. Na pua ikipita juu ya shaba huteleza vizuri, ndiyo maana kisu cha vibati vya shaba hufunguka kwa ulaini hadi springi ilie "tak".

Lakini shaba nayo ina aibu zake. Ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina gramu 8.5 hivi, na ya pua gramu 7.8. Inapinda kwa wepesi. Hutoa ule ukijani tunaoujua kwenye sinia za zamani, na ukijani huo unaweza kuitia pembe doa. La hatari zaidi ni kwamba madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi, moja humla mwenziwe. Shaba ikikaa na pua katika jasho au hewa ya bahari, inayoliwa ni pua. Katika kisu cha babu, upande ule ule wenye pembe nzima, springi ilikuwa na vidonda vidogo vya kutu pale ilipogusana na shaba.

Wenye fedha walipewa kibati cha tatu. Waingereza waliyaita madini yake fedha ya Kijerumani, ijapokuwa hayana fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Wachina waliyajua zamani, na Wajerumani walianza kuyatengeneza kiwandani katika miaka ya 1820. Ni meupe, ni magumu kuliko shaba ya manjano, na hayachafuki upesi. Yalitumika sana kwa vile vichwa vya mwisho wa mpini, na katika visu vya kifahari yalitumika ndani pia. Hasara yake ni bei, na ugumu uliomchosha fundi na keekee yake.

Wako waliosema kibati cha nini, tukiache. Mwaka 1890 Joseph Opinel wa milima ya Savoie, Ufaransa, alianza kutengeneza kisu ambacho mpini wake ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa mfereji, bila ya kibati chochote. Ni kisu chepesi na cha rahisi, kimempendeza mkulima mpaka leo. Ukikilowesha, mti unavimba na ubapa unang'ang'ania ndani. Wajerumani nao mwaka 1902 walianza kutengeneza Okapi kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, kisu cha mpini wa mti na springi ya kwato za kukazia inayoonekana mgongoni. Wengi wetu tunakijua. Hivi sasa kinatengenezwa Afrika Kusini. Kisu cha bei ndogo kinachotarajiwa kupotea shambani hakihitaji kibati cha kukaa miaka mia.

Na Waswisi walichagua wepesi. Kisu cha maofisa cha Karl Elsener, aliyekisajili mwaka 1897, kina zana nyingi na baina ya kila safu pana kibati cha kutenga. Zamani vibati hivyo vilikuwa vya ile fedha ya Kijerumani. Kuanzia mwaka 1951 kampuni hiyo, Victorinox, imevifanya vya alumini, ambayo uzito wake ni gramu 2.7 tu kwa sentimita ya ujazo. Kisu kikapungua uzito mfukoni bila ya mnunuzi kuona mabadiliko yoyote.

Chuma kilichodharauliwa

Mwaka 1913 Harry Brearley, mtoto wa familia maskini ya Sheffield aliyepanda mpaka kuongoza maabara ya Brown Firth, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi kwa joto la risasi. Tarehe 13 Agosti aliyeyusha pua yenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Alipotaka kuitia dawa za tindikali ili aitazame chini ya darubini, tindikali haikuila. Wengine Ujerumani na Marekani walikuwa wakifuatia njia za karibu na hiyo, lakini Brearley ndiye aliyewaza meza ya chakula. Wakati ule visu vya mezani vilikuwa vya pua ya kawaida, vikishika madoa kwa siki na ndimu, na kila siku vikisuguliwa.

Wenye viwanda hawakumpokea vizuri. Inasimuliwa kwamba walimwita mtu aliyevumbua kisu kisichokata. Fundi mmoja, Ernest Stuart wa kiwanda cha R. F. Mosley, ndiye aliyejaribu kwa subira mpaka akapata namna ya kukifua na kukitia ugumu, na inasemekana ndiye aliyekipa jina la chuma kisicho na madoa. Vita vya 1914 vilipokuja, chuma hicho kikachukuliwa kwa injini za ndege, na visu vikasubiri.

Dhihaka ile haikuwa uzushi mtupu. Makali hutaka kaboni, na asilimia 0.24 ni kidogo. Bapa nzuri za leo zina nusu asilimia, na nyingi hupita asilimia moja. Lakini tazameni yaliyotokea baadaye. Chuma kinachotumika mno leo kwa vibati vya visu vya kukunja ni cha daraja linaloitwa 420J2, chenye kromiamu asilimia 12 hadi 14 na kaboni asilimia 0.26 hadi 0.40. Linganisheni tarakimu hizo na za Brearley. Ni ndugu wa toka nitoke. Kwa makali ni laini mno, lakini kwa kibati ndiyo kipimo chake: hakishiki kutu kwa wepesi, kina nguvu ya kutosha kuwa chembamba, na kikitiwa moto ipasavyo kinarudi kama springi. Chuma kilichochekwa juu ya meza kilipata kazi yake ya kudumu ndani ya mpini.

Kilichokichelewesha ni ugumu wake kwa mkono. Chuma hiki kinazidi kukaza pale kinapotobolewa, kikaila keekee. Mashine zilipochukua nafasi ya upinde na kifua, kikwazo hicho kiliondoka, na shaba ikabaki kwa wanaopenda ukale.

Kibati kinapokuwa kufuli

Mpaka hapa kibati kilikuwa ukuta tu. Mwaka 1906 Wamarekani wawili, Watson na Chadwick, walipata hataza kwa ajili ya kampuni ya Cattaraugus, wakakipa kazi ya pili: sehemu ya kibati inakatwa ili ijipinde kwa ndani, na ubapa ukifunguka inaruka na kuuzuia usirudi kukata vidole. Kufuli ya namna hiyo ilitiwa katika visu vya mafundi wa simu na umeme wa jeshi la Marekani. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 Michael Walker, fundi wa Kimarekani, aliisuka upya ili kibati kiubane mzizi wa ubapa kwa nyuma moja kwa moja, na kisu kifunguliwe na kufungwa kwa mkono mmoja. Tangu hapo visu vya mamilioni vimefuata njia hiyo.

Badiliko hilo liligeuza maswali yote ya uchaguzi. Shaba haifai tena, kwa kuwa ikipindwa haina nguvu ya kurudi, na ncha yake ingechakaa upesi. Alumini ni laini vile vile. Walibaki wawili, chuma cha ukoo wa Brearley na titaniamu. Titaniamu ina gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, haidhuriki na maji ya bahari, na inarudi vizuri kama springi. Aibu yake ni kuwa hunata inaposuguana na pua, hata ikabidi ncha ya kufuli itiwe ugumu wa ziada. Kwa kisu cha mvuvi au mpiga mbizi inastahili bei yake. Kwa kisu cha jikoni ni fakhari.

Chris Reeve, aliyezaliwa Afrika Kusini na kuhamia Marekani mwaka 1989, alikwenda mbali zaidi: aliufanya ubavu wa mpini wenyewe kuwa bamba nene la titaniamu lenye kufuli ndani yake, asihitaji kibati wala kifuniko. Kisu hicho alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi.

Kwa sisi tunaoishi Uingereza kibati hiki kina jambo jengine la kuangaliwa. Kwa sheria ya mwaka 1988 ya England na Wales, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 kinaruhusiwa kuchukuliwa hadharani bila ya kutoa sababu. Lakini mahakama zimeamua kuwa kisu chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo, hata kikiwa kifupi. Maana yake ni kwamba kisu cha springi cha kizamani kama cha babu kiko upande mmoja wa sheria, na ndugu yake aliyekatwa kibati kikawa kufuli yuko upande wa pili. Waambieni vijana wenu.

Nilichochagua

Sasa nirudi kwa mzee na meza yake. Aliweka mbele yangu vipande vitatu: shaba ya manjano, fedha ya Kijerumani, na chuma kisichoshika kutu. Kwa hesabu ya nguvu na kutu, alisema, cha tatu kinashinda. Ningekuwa ninaunda kisu kipya ningekichukua.

Lakini kisu hiki si kipya, na pembe yake haina badala. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imezuia kuuza na kununua hata vitu vya zamani isipokuwa vichache. Kumiliki cha babu yangu na kukitengeneza ninaruhusiwa. Kupata kipande kingine cha pembe siruhusiwi, wala nisingetaka, nikikumbuka ndovu aliyekufa kwa ajili ya kile cha kwanza. Basi swali halikuwa tena madini yapi ni bora. Lilikuwa ni madini yapi yataihatarisha pembe kidogo zaidi.

Kutia chuma pande zote mbili kungenilazimu kuufumua upande wa kulia, ulio mzima, na kuitoa misumari katika pembe kavu ya miaka mingi. Hapo ingeweza kupasuka. Kutia chuma kushoto na kuacha shaba kulia kungeleta madini mawili tofauti katika mpini mmoja, springi ikiwa katikati yao. Shaba kushoto iliuacha upande wa kulia bila ya kuguswa, na misumari mipya ilishikana nayo kwa nyundo nyepesi. Niliijua hasara yake: itatoa ukijani, na itaiuma springi kama ikiachwa na unyevu. Hasara hiyo dawa yake ni kitambaa na tone la mafuta mara mbili kwa mwaka, na mimi nipo. Nikachagua shaba. Pembe iliyopasuka iligundishwa kwa chini, na mstari wa ufa bado unaonekana. Sikutaka ufichwe.

Nilipokwenda kukichukua, mzee alinipa bahasha ndogo. Ndani yake mlikuwa na kile kipande cha debe, kahawia, kimeliwa nusu, na matundu matatu yaliyotobolewa kwa mkono. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimemlaumu aliyekitia. Akatikisa kichwa. Matundu, alisema, yamepimwa sawasawa kabisa na ya upande wa pili, bila ya mashine. Mtu huyo aliijua kazi. Alichokosa ni shaba. Bila ya kipande kile kisu kingelitupwa kabla ya baba kukitia sandukuni.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kabla hamjatupa kitu cha wazee kwa kuwa kimeharibika, kifungueni kwanza muone ndani yake nani alikishika kwa muda wote huo, na kwa nini kimeshindwa sasa. Bahasha yangu nimeiweka katika mtoto wa meza, pamoja na kisu.